Mto Ule Ule, Saa Tofauti

SWALI: Ndugu Mhariri, mwezi Juni mimi na wenzangu wawili tulishuka kwa kayaki (mtumbwi mwembamba wa kasia) kipande cha mto wa milimani ambacho kitabu cha mwongozo kinakipa ngazi ya 3 ya ugumu. Tulianza saa mbili asubuhi, tukamaliza bila tabu. Kesho yake tulirudi saa kumi alasiri, jua likiwa kali, nikapinduka mara mbili kabla ya kufika nusu ya njia. Je, kitabu kilikosea, au ni mimi niliyezembea?

JIBU: Pole sana, na tunashukuru kwamba ulitoka salama. Kitabu hakikukosea, wala sidhani kwamba ulizembea. Kilichokuponza ni saa mliyoingia majini.

Ngazi hizo, kuanzia 1 hadi 6, hutolewa kwa mto ukiwa na kiasi fulani cha maji, na vitabu vizuri hukitaja kiasi hicho kwa mita za ujazo kwa sekunde au kwa alama za kipimo kilichosimikwa ukingoni. Maji yakiongezeka, ngazi nayo huweza kupanda, na katika bonde linalolishwa na theluji na barafu jambo hilo hutokea karibu kila siku ya joto. Baridi ya usiku hupunguza kuyeyuka, hivyo asubuhi mto huwa umeshuka; jua likishapanda theluji huanza kutiririka, lakini maji yake huchukua saa kadhaa kufika bondeni, kwa hiyo karibu na barafu mto hujaa alasiri au jioni, na mbali zaidi huenda ukajaa usiku.

Mto ukijaa, vile vituo vya maji tulivu nyuma ya majabali, ambako mpiga kasia hupumzika na kutazama mbele, humezwa kimoja kimoja. Jabali mlilolikwepa asubuhi kwa kuwa mliliona, alasiri limefunikwa, na maji yanayolivuka huporomoka nyuma yake kisha hujirudi, yakikishika chombo na aliyemo. (Vipo pia vipande vya mawe mengi ambavyo huwa vigumu maji yakipungua, lakini chako si cha aina hiyo.) Katika mto Ötztaler Ache wa Tyrol, nchini Austria, ambao hutokana na barafu, mashindano ya dunia ya kayaki yaliyoanza mwaka 2008 kwenye kipande cha Wellerbrücke yalipangwa baada ya kiangazi, joto likishapungua na mto ukishashuka.

Siku nyingine, kabla ya kuvaa helmeti, weka jiwe pale pale maji yanapoishia, kisha vaeni taratibu. Mkimaliza mkakuta jiwe limezama, mto unapanda. Tazameni pia rangi: maji yaliyokuwa angavu yakigeuka kijivu kizito, na mkasikia mawe yakigongana chini kwa chini, ahirisheni safari hadi asubuhi, hata kama mmesafiri mbali kufika hapo.

SWALI: Mbona mto mwingine tunaoutumia hupanda ghafla bila mvua wala joto?

JIBU: Chunguzeni kama juu yake kuna bwawa la umeme. Maji yakifunguliwa ili kuendesha mitambo, mto unaweza kujaa kwa dakika chache, na hapo jiwe lenu la ukingoni halitawapa muda wa kutosha. Ulizeni ratiba ya bwawa kabla ya kushusha kayaki, na msipumzike kwenye mafungu ya mchanga ya katikati ya mto.