Jino likiuma, nani anaumwa?

SWALI: Mwalimu, habari ya siku. Juzi kwa klasi ya falsafa tulibishana vibaya kuhusu Anton Wilhelm Amo, yule Mwafrika wa kutoka pande za Ghana ya leo aliyefundisha vyuo vya Ujerumani karne ya 18. Lekcha anasema Amo alikuwa mfuasi wa Descartes tu, yule mwanafalsafa Mfaransa wa karne ya 17, hakuna Uafrika wowote pale. Mimi nikasema hapana, alimpinga na alitumia fikra za kwao. Nani ako sawa? (Msomaji, Kasarani)

JIBU: Salama kabisa. Hilo swali limenipata vizuri juu wiki iliyopita niling'olewa gego huku mjini, na nikiwa kwa matatu narudi nyumbani shavu limefura nikawa naambia jirani yangu "aki jino lilikuwa linaniuma". Sasa shika hapo kwa hilo neno. Linaniuma. Hiyo "ni" ndogo katikati ni nani? Ni mwili wangu ama ni akili yangu?

Descartes angesema ni akili, lakini akili iliyoungana na mwili. Mwaka 1643 alimwandikia Binti Mfalme Elisabeth wa Bohemia kwamba roho (hapa ni sawa tu na akili), juu imeungana na mwili, inaweza kutenda na pia kutendwa pamoja nao. Amo akalishika neno hilo hilo, akalinukuu kwa tasnifu yake ya Wittenberg ya 1734, akasema hapana bwana: roho kazi yake ni kutenda, haina sehemu za kuguswa wala kupenywa, na kuhisi ni kutendwa. Kwa hivyo anayehisi ni mwili ulio hai, akili haihisi kitu. Kwa hapo umemshinda lekcha, huyo si mfuasi wa kuitikia tu.

Lakini usishangilie bado, juu silaha alizotumia Amo ni za Descartes mwenyewe. Ni yeye alisema roho na mwili ni vitu viwili tofauti kabisa, Amo anamwambia tu basi shikilia ulichosema. Ndio maana wasomi wengine wanamuona kama Mdescartes kuliko Descartes, na kusema ukweli mimi niko upande huo.

Kuhusu Uafrika wake ndio moto uko. Mwanafalsafa Paulin Hountondji wa Benin alisema wazi kwamba kazi ya Amo iko ndani ya mjadala wa Ulaya, ilisomwa na Wazungu, ikajibu maswali yao. Mwenzake Kwasi Wiredu wa Ghana naye akaleta kitu kitamu: kwa Kiakan, lugha ya huko Ghana, ukisema akili ndiyo inasikia maumivu watu watakushangaa, haisemeki hivyo, kwa hivyo pengine Amo alibaki na mabaki ya lugha ya mama. Hoja ni tamu lakini mimi inanipa shida, juu mtoto alichukuliwa kutoka pande za Axim na kupelekwa Amsterdam akiwa na kama miaka minne hivi, halafu akalelewa kwa jumba la mtawala mmoja wa huko Ujerumani. Kiakan gani hicho kingebaki? Na lugha zenyewe si mashahidi wa kuaminika, sisi hapa tunasema jino linaniuma na bado tunasema roho inaniuma, sasa utamchagua nani? Ingawa pia siwezi kupuuza kwamba kwa ukurasa wa kwanza wa hiyo tasnifu amejiita Mwafrika wa Guinea. Hakujificha.

Sasa ukirudi klasi, hayo ya asili yaache kidogo umuulize lekcha hili: Amo anasema akili inatumia mwili kama chombo, sawa, lakini kama mwili hauwezi kuigusa akili, ile siku gego langu liliwaka saa nane usiku ni nani aliambia akili iamshe mkono utafute karafuu? Mlango wa kuingilia ameufunga, wa kutokea ameuacha wazi. Akikujibu niandikie tena.