Mleta uzi, hiyo MRI usiiahirishe

Mdogo wangu, salamu baadaye. Umeandika umekutwa na BRCA1 mbovu, ile jeni ya kurithi inayopandisha hatari ya saratani ya matiti, mama na mama mdogo wako wote wameondoka kwa saratani ya matiti, umeacha sukari na wanga, na sasa unataka kuisogeza mbele MRI ya matiti, kile kipimo cha picha cha mashine ya sumaku, miezi sita "mwili usafike kwanza". Kisha unauliza ugali gani ule na kama soya ina madhara. Ugali! Hayo maneno ya kusafika nayajua, na bei yake kwa kopo naijua pia.

Mimi aliniuzia bwana mmoja wa kundi la WhatsApp, kajipachika udaktari wa lishe. Eti sukari ndiyo chakula cha saratani, ukiikata inakufa njaa. Nikaacha wali, nikaacha hadi embe, Dar es Salaam, mwezi Desemba! Nikashindia juisi ya stafeli na unga wake wa kijani. Nikakonda mpaka magauni yakanivuka, mashoga wakanisifia, na barua ya kwenda MRI ikalala kabatini. Uvimbe ulipokuja kuonekana ulikuwa umeshafika kwenye tezi za kwapani. Dripu, nywele, titi, vyote nimevilipia. Nilipompigia yule bwana akaniuliza kama maji nilikuwa nakunywa ya uvuguvugu. Mungu amsamehe, mimi bado niko kwenye foleni.

Usipokula sukari, ini linaitengeneza lenyewe, hata kutokana na protini. Na kazi ya BRCA1 ni kukarabati DNA inapokatika. Nakala uliyorithi ikiwa mbovu, hakuna mchicha wa kuinyoosha. Kwa mwenye hiyo BRCA1, uwezekano wa kupata saratani ya matiti hadi umri wa miaka 80 ni takriban asilimia 72. Ndiyo maana MRI huanza miaka 25, kila mwaka, na ukifika 30 unaongezewa mamografia, yaani eksirei ya matiti. Mamografia peke yake kwenye matiti ya binti hukosa mengi, tishu bado zimeshonana.

Chakula kina kazi yake, sikatai. Kitambi na insulini iliyopanda si vya kuchekea, hasa ukija kutolewa ovari (vifuko vya mayai) kujikinga na saratani yake, ambapo kwa BRCA1 hushauriwa kati ya miaka 35 na 40 ukishamaliza kuzaa. Hedhi inakata ghafla, mifupa inapungua nguvu, mafuta yanahamia tumboni. Kula dona, maharage, samaki, mboga, tembea. Lakini kula huku unapimwa.

Kama ni woga: unalala kifudifudi, matiti yanaingia kwenye matundu mawili, unachomwa sindano ya dawa mkononi, halafu mashine inagonga kama mafundi wa mabati. Aibu inaisha kelele zikianza. Kama bado unapata hedhi, hesabu tangu siku yake ya kwanza, uombe nafasi kati ya siku ya 7 na ya 15, picha husomeka vizuri zaidi. Piga simu kesho asubuhi, na hela ya makopo ihamishie huko.