Barua kwa mwanangu: Swali lilitoka kwa nani?

Mwanangu mpendwa,

Kamwene. Sisi hapa Kihesa hatujambo. Baridi imeanza kuuma, na mama yako anakusalimu sana.

Unasema msimamizi wako anataka sura ya pili ya tasnifu yako isimame juu ya fikra za kuondoa ukoloni katika elimu, na vitabu alivyokupa vimetoka New Zealand, Kanada na Kenya. Unaniuliza kama sisi wa nyanda za juu kusini hatuna chetu cha kuweka hapo, au ndiyo tuendelee kuazima. Halafu unauliza juu ya masimulizi ya bibi yako uliyoyarekodi: je, yanaweza kusimama kama ushahidi, au ni hadithi za jikoni kama alivyokuambia yule mwenzako darasani?

Nitakujibu kwa kirefu, maana nimefundisha historia maisha yangu yote na jambo hili halijawahi kunitoka moyoni.

Anza na vitabu vinavyotajwa kila mtu anapoandika habari za Wahehe. Kile kikongwe ni cha Ernst Nigmann, kilichapishwa Berlin mwaka 1908. Nigmann alikuwa ofisa wa jeshi la Wajerumani na mkuu wa kituo cha Iringa. Ameandika historia yetu, sheria, vita na uwindaji. Usimdharau, kwa sababu wazee aliowauliza walikuwa wamepigana vita vile wenyewe. Lakini mweke mmoja wa wazee hao mbele ya macho yako. Ameitwa bomani na mkuu wa kijeshi. Ni miaka michache tu tangu Mkwawa, Mtwa (yaani chifu) wetu Wahehe, ajipige risasi pale Mlambalasi, mwezi Julai 1898, na mwili wake kukatwa kichwa. Kabla ya hapo, tangu ngome yake ya Kalenga ilipoanguka Oktoba 1894, Mtwa aliishi porini karibu miaka minne akiwa na dau la rupia 5,000 kichwani mwake. Alilishwa, akapewa habari, akafichwa. Watu waliofunga vinywa kiasi hicho kwa ajili ya mtu wao, unadhani walimfungulia Nigmann kila kitu? Kwa hiyo unapomsoma, pima na yale ambayo hakuambiwa.

Cha pili ni kile cha 1935 cha Gordon Brown na Bruce Hutt, utafiti uliofanyika wilaya yetu ya Iringa. Hapa ningependa ukae sana, maana watu wengi hukipita. Brown alikuwa mtaalamu wa mila na desturi, Hutt alikuwa ofisa wa serikali ya Kiingereza. Mpango wao ulikuwa huu: ofisa anatoa maswali anayohitaji kwa kazi yake ya kutawala, mtaalamu anakwenda vijijini kutafuta majibu, majibu yanarudi kwa ofisa. Hawakuficha, kitabu chenyewe kinaeleza hivyo. Ni kazi ya makini, na ndani yake mna mambo ya mababu zetu ambayo hutayapata kwingine. Ila hakuna swali hata moja pale lililoanzia kwa mama wa Kihehe aliyekuwa akilima mtama wake. Hakuna jibu lililorudi kwake pia.

Hapo ndipo ninapotaka uwekee msingi wako, mwanangu. Kila andiko utakaloshika, la Mzungu au la Mwafrika, la Kiingereza au la Kiswahili, uliza swali lilitoka kwa nani na jibu lilipelekwa kwa nani. Mimi sijaona kipimo kingine kinachotenganisha mambo vizuri kama hicho.

Nakusisitizia kwa sababu kuna mtego. Vijana wengi siku hizi wanadhani ukishavaa lubega, shuka la kufunga begani, na kupiga ngoma, umeshauvua ukoloni. Mwishoni mwa miaka ya 1920, shule ya serikali ya Malangali, chini ya Mwingereza aitwaye Mumford, ilijaribu kuingiza mila za wenyeji katika masomo. Wazee walihusishwa na ngoma zikapewa nafasi. Vizuri kwa kutazama. Lakini wakati huohuo Gavana Cameron alikuwa akijenga utawala wa kupitia machifu, na utawala huo ulihitaji vijana wanaobaki ndani ya kabila, wasiounganika na wenzao wa Dar es Salaam. Mila ilitumika kama kamba ya kumfungia ng'ombe. Kwa hiyo isifu mila kwa kujua nani ameishika na anaivuta kuelekea wapi.

Ukija likizo twende Kalenga. Ulipelekwa na shule ukiwa mdogo, lakini sasa utaona kwa jicho jingine. Fuvu la Mkwawa lipo kwenye makumbusho ndani ya kioo, na tundu la risasi linaonekana. Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, uliiagiza Ujerumani ikabidhi fuvu hilo kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita. Halikuja. Lilirudi tarehe 19 Juni 1954, likapokewa na Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, ambaye baadaye alikuja kuwa Spika wa Bunge letu. Gavana Twining alikuwa amekwenda mwenyewe Bremen, kwenye makumbusho yaliyokuwa na mafuvu yapatayo 2,000, na 84 kati yake yalitoka Afrika Mashariki ya Wajerumani. Alilijuaje? Vichwa vya ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai vilipimwa, yakatafutwa mafuvu yenye uwiano wa upana na urefu unaokaribiana na wao, na katika hayo likachukuliwa lenye tundu la risasi. Wapo wanahistoria wanaotilia shaka hadi leo kama ndilo lenyewe.

Simama hapo kidogo. Elimu ya kupima vichwa vya watu, ambayo kwa ajili yake mafuvu ya Waafrika yalibebwa kupelekwa Ulaya, ndiyo iliyotumika kuturudishia moja. Na yale mengine 83? Yalikuwa ya watu waliokuwa na mama zao. Safari ya Twining haikuwa na swali juu yao. Tofautisha na lililotokea Songea tarehe 1 Novemba 2023. Rais Steinmeier wa Ujerumani alikuja kuomba radhi kwa vita vya Majimaji, na mbele yake walikuwapo wajukuu wa Nduna Songea Mbano, jemadari wa Wangoni aliyenyongwa 1906. Wao ndio waliouliza: kichwa cha babu yetu kiko wapi? Kichwa hakijarudi. Lakini safari hii swali limetoka upande wetu, na rais wa nchi kubwa akalazimika kusimama na kulijibu.

Sasa, je, tunacho chetu? Kipo, na ni kingi kuliko unavyoambiwa. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chini ya wanahistoria Gwassa na Iliffe, walitumwa katika maeneo yaliyopigana Majimaji kuwahoji wazee. Vijana walirudi kwao, wakazungumza na babu zao kwa lugha zao, wakaandika. Kabla ya hapo vita vile vilikuwa vikisimuliwa zaidi kwa ripoti za Wajerumani. Huko Ubena, ambako misheni ya Yakobi ilishambuliwa mwaka 1905, walikuwapo bado watu waliokumbuka. Maandiko hayo yatafute, ni babu wa kazi yako kuliko kitabu chochote cha Kanada. Nina lawama moja tu juu yake: mengi yake yaliandikwa kwa Kiingereza yakabaki chuoni, na wazee waliotoa maneno yao wengi walikufa bila kusomewa.

Upande wa fasihi, mwaka 1979 Mugyabuso Mulokozi, mtu wa Kagera, alitoa tamthilia ya Kiswahili kuhusu Mkwawa, *Mukwava wa Uhehe*. Ilichezeka, ilisomeka, na mtoto wa Ilula asiyejua Kiingereza aliweza kubishana nayo. Halafu kuna mzee Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Ilichapishwa 1980, tena kwa Kiswahili alichokitafsiri mwenyewe, na mwaka uliofuata akafariki. Miaka 35 kitabu kizima, kilichoeleza maisha ya watu wake kuanzia ndoa hadi dawa za mitishamba, kilikaa kikisubiri. Mtu akikuambia hatukuandika, mtajie Kitereza.

Vitabu alivyokupa msimamizi usivitupe. Linda Tuhiwai Smith, Mmaori, mwaka 1999 aliandika kwamba utafiti ni miongoni mwa maneno machafu kabisa masikioni mwa wenyeji waliotawaliwa, na anamdai mtafiti aeleze utafiti ni wa nani na unamfaa nani. Amelifikia jambo lilelile kwa njia ya kwao, na ukimsoma ukiwa na Brown na Hutt mkononi utamwelewa kuliko wenzako. Ngũgĩ wa Thiong'o, yule mwandishi wa Kenya, naye msome, hasa habari ya kijiji cha Kamĩrĩĩthũ mwaka 1977. Tamthilia ilisomwa mbele ya wanakijiji, wakaikosoa, wakaongeza yao, wakaicheza wenyewe. Serikali ya Kenya iliifungia baada ya wiki chache, na ilipofika tarehe 31 Desemba mwandishi alikuwa kizuizini. Vitabu vyake vya Kiingereza vilivyoisema serikali hiyohiyo havikumfunga. Fikiria kwa nini.

Sasa bibi yako. Yeye ni Msangu, na hilo lina uzito ambao nadhani hujaupima bado. Kwetu upande wa baba Mkwawa ni shujaa, na picha yake ipo ukutani. Kwa wazazi wa bibi, Wahehe ndio waliowasukuma kutoka Usangu hadi Usafwa, huko Mbeya, na chifu wao Merere alipokuwa upande wa Wajerumani alikuwa anatafuta kurudi kwao. Wahehe nao wengi hawakuingia Majimaji, na Nigmann huyohuyo ndiye aliyetoka Iringa na jeshi kwenda kuiokoa boma ya Mahenge. Ukiandika tasnifu ambamo wageni wote ni wabaya na wenyeji wote walikuwa ndugu, utakuwa umemfukuza bibi yako kwenye historia yake mwenyewe. Usifanye hivyo hata kidogo. Yaache masimulizi ya Uhehe na ya Usangu yakabiliane ukurasa kwa ukurasa.

Na kama yanasimama kama ushahidi, isikilize tena ile sauti uliyorekodi. Sikia bibi anavyofika mahali pa kukimbilia Usafwa: anakatiza, anasema, "hili nimeambiwa na shangazi, naye alikuwa mtoto wa kubebwa." Akifika kwenye mambo ya njaa ya utoto wake anasema, "hili nililiona." Anatenganisha alichoona na alichosikia, na anamtaja aliyemwambia. Magavana wengi hawakuandika ripoti zao kwa uangalifu huo. Kazi yako ni kuandika yote: alisema nini, nani alimwambia, nani alikuwapo sebuleni wakati anasema, wapi alinyamaza. Kisha ulinganishe na mtu wa ukoo mwingine na pia na nyaraka. Atakapopishana nao, usimnyooshe. Andika kwamba wamepishana. Na palipo na jambo la ukoo ambalo amekuambia lisitoke, lisitoke, hata kama lingekupa alama.

Kuhusu lugha sitasema mengi. Mwaka 1962 waandishi wa Kiafrika walikutana Makerere, mkutano wa wanaoandika kwa Kiingereza, na Shaaban Robert, aliyekuwa hai bado wiki zile, hakuwa na sifa ya kuingia. Chuo chako kikidai Kiingereza, andika hicho Kiingereza, lakini maneno ya bibi yakae ndani ya sura yenyewe kwa Kisangu chake, na tafsiri chini yake. Usiyapeleke kwenye viambatisho ambako hakuna anayefika. Kisha utoe muhtasari wa Kiswahili wa kurasa chache unaoweza kusomwa kwa sauti.

Huo muhtasari uje nao kabla ya mvua za Novemba, maana barabara ya kwa bibi ikishaanza matope hata pikipiki zinagoma. Nimeshamwambia kwamba utamsomea, na amesema ataita wadogo zake wawili wakusahihishe majina ya koo. Chapa kwa herufi kubwa, binamu yako ndiye atakayesoma pale utakapochoka. Uache nafasi pana pembeni, kwa sababu watakuwa na mengi ya kuongeza.

Ni mimi baba yako.