Kila kichwa karatasi yake: usimkabidhi mwanafunzi mmoja nyumba nzima

Mkuu, usisaini. Soma kwanza hapa, ukimaliza ukiona nakupotezea muda basi kasaini.

Umesema nyumba ya marehemu mzee ipo Changanyikeni, Dar es Salaam, vyumba vitatu na sebule, na unataka kuweka wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Umeuliza bei, umeuliza uweke vitanda na meza au uache tupu, umeuliza mita ya umeme ya LUKU iwe moja au kila chumba na yake. Halafu mwishoni kabisa, kama kitu kidogo tu, umeandika kwamba dalali amekuletea kijana mmoja "anayejielewa", atalipa miezi sita kwa mkupuo, na wenzake "watajuana wenyewe". Hayo maneno mawili ya mwisho ndiyo yaliyonifanya niache kazi zangu niandike.

Watajuana wenyewe! Na mimi niliambiwa hivyohivyo, tena na dalali wa pande hizohizo.

Nyumba yangu ipo Makongo. Dalali alikuja na kijana msafi, shati limenyooka, shikamoo mama, samahani mama. Kodi tulikubaliana 300,000 kwa mwezi. Baba yake alikuwa ameshamtumia hela, akaweka mezani 1,800,000 ya miezi sita. Nikampa mkataba, akasaini, nikampa funguo. Funguo zote, mkuu: za vyumba vitatu, za mlango wa nyuma na za geti. Mkataba una jina moja.

Kumbe kijana hakuwa na haja ya vyumba vitatu, alikuwa anafungua biashara. Kila mahali panapoingia godoro alipangisha kwa 70,000 kwa mwezi, na aliwaingiza watu saba. Piga hesabu: 490,000 inaingia kwake kila mwezi, mimi nina 300,000 na nyumba inayochakaa. Hao saba ndio kwanza wametoka bwenini au kwa mama zao, hawajawahi kupanga popote, hawajui kwamba koki ikivuja unamwambia mwenye nyumba. Wanaweka ndoo chini, basi, maisha yanaendelea.

Miezi sita ilipoisha kijana hapokei simu. Nikawa navumilia, najiambia labda bumu, ile hela ya mkopo wa chuo, halijaingia. Kilichonipeleka ni jirani aliyepiga kusema karo la majitaka linafurika hadi njiani. Nilipofika, binti mmoja akanifungulia. Sebuleni magodoro chini, kitenge kimetundikwa kwenye waya kuigawa sebule mara mbili, waya wenyewe umefungwa kwenye msumari alioupigilia mtu kwenye ukuta. Ekstensheni moja ya kichina imebeba jiko la umeme, pasi na chaja za simu zote, na upande mmoja plastiki imeshaanza kuyeyuka. Nilichomoa ile ekstensheni kabla hata ya kusalimia. Hadi leo nikikumbuka ile plastiki nyeusi nawaza wale watoto wangelala usiku ikawaka.

Nikauliza, mwenye mkataba yuko wapi? "Amedisco mama, kafeli chuo kimemwondoa, karudi kwao." Nikamwambia kodi imeisha siku nyingi. Binti akatoa simu, akanionyesha meseji za M-Pesa, kila mwanzo wa mwezi 70,000, jina la kijana wetu limeandikwa wazi. "Mimi nimelipa mpaka mwezi wa saba." Wenzake nao wakatoka vyumbani, kila mmoja na simu yake mkononi. Wote wamelipa. Mimi sijalipwa.

Sasa niambie, ungefanya nini? Nilikwenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Akasoma mkataba, akaniuliza hawa saba wako wapi humu? Hawamo. Ukienda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya unakwenda kumdai mtu mmoja ambaye hujui kwao wapi, maana mkataba umeandikwa namba ya simu isiyopatikana na neno "mwanafunzi". Kuwatolea magodoro nje kwa nguvu ni kujitafutia kesi wewe mwenye nyumba, na hata isingekuwa kesi, wiki hiyo walikuwa wanaingia UE, mitihani ya chuo ya mwisho wa muhula. Huwezi kumtupa mtoto wa watu barabarani usiku wa kuamkia mtihani kwa deni la mwenzake. Nikawaacha hadi chuo kilipofungwa. Nikabaki na kodi ambayo haikulipwa, deni la maji lililo kwa jina langu, gari la majitaka, vitasa vipya na rangi.

Nilimpigia dalali. Ananijibu, "Mama, kazi yangu mimi ni kuunganisha." Kuunganisha! Mkuu, ielewe hesabu ya dalali. Yeye analipwa kodi ya mwezi mmoja siku mpangaji anapoingia, na siku hiyo tu. Akikuletea mtu mmoja wa nyumba nzima, kapata yote kwa safari moja. Akikuletea watu watano mmojammoja ni mizunguko mitano kwa hela ileile. Na wakihama wakaacha nyumba imechakaa, anakuja na mwingine, anakula tena. Wa aina hiyo atakuapia kwamba mbuzi anataga, na mayai atakuonyesha. Usimsikilize kwenye jambo la mkataba. Mshukuru kwa kukuletea mtu, mpangaji amlipe chake, aondoke.

Na sisi wenye nyumba tunawasukuma hawa watoto kwenye mtego huo. Hela ya chakula na malazi ya Bodi ya Mikopo inaingia kwa awamu, haiji ya mwaka mzima siku moja. Wewe unamdai mtoto wa mwaka wa kwanza miezi sita, atatoa wapi? Hapo ndipo anapojitokeza mmoja mwenye baba mwenye uwezo, analipa yote, anageuka mwenye nyumba wa pili ndani ya nyumba yako.

Kwa hiyo: kila kichwa, karatasi yake. Chumba wanalala wawili, mikataba miwili. Kila mkataba una jina kamili, namba ya NIDA au nakala ya kitambulisho cha chuo, chumba gani, kiasi chake peke yake, na namba ya mzazi au mlezi ambayo umeipiga mwenyewe kijana akiwa amekaa mbele yako. Nasema uipige. Usipokee namba ukaandika tu. Akiwa hajafikisha miaka 18, na kwa wa diploma waliotoka kidato cha nne wapo wa umri huo, mzazi ndiye asaini. Weka kifungu kwamba haruhusiwi kupangisha wala kumhamishia mtu mwingine bila ruhusa yako ya maandishi. Ufunguo wa chumba anapewa aliyesaini mkataba wa chumba hicho. Kodi kila mmoja anatuma kwako moja kwa moja, hata kama ni ya miezi miwili miwili kufuatana na bumu. Utapokea kidogo kidogo, lakini utajua nani amelipa na nani hajalipa, na mmoja akidisco wenzake hawaondoki naye.

LUKU, ukiweza weka submita kila chumba. Kama mita itabaki moja, kumbuka kodi ya jengo inakatwa humohumo tangu 2021. Hiyo ni kodi yako mwenye nyumba, siyo ya hao watoto, wafidie kwenye kodi yao ya pango kabla hawajaanza kugombana nani kala uniti.

Watakuja hapa wa kusema mama huyu anachukia wanafunzi. Wanafunzi ninao ndani hadi leo, na msimu wa mahafali pilau wananiletea mlangoni. Yule binti wa M-Pesa alirudi mwaka uliofuata akapanga kwangu, safari hii kwa jina lake, na hakuwahi kuchelewesha hata shilingi. Hawa ni wapangaji wazuri sana wakijua wanadaiwa na nani.

Mkuu, kama huyo kijana ameshaweka hela mezani, mrudishie leo kabla hajaleta godoro. Mwambie aje na wenzake wote Jumamosi, kila mmoja na kitambulisho chake na namba ya mzazi. Wakija wote, una wapangaji. Akija tena peke yake na maelezo, usitoe funguo. Nakala ya mkataba ninaoutumia ninayo, nicheki PM nikutumie.