Hita ya Sauna Ikikuzimia Nyumba: Majibu kwa Wasomaji

Nina sauna ndogo nyuma ya nyumba, hita yake ni ya kilowati 6. Haikuwashwa msimu wote wa mvua ya masika. Juzi niliiwasha, na baada ya dakika tatu ELCB (swichi inayokata umeme ukivuja) ikaruka, nyumba nzima giza. Fundi anasema elementi zimeungua, ninunue mpya tatu. Nimwamini?
*Msomaji, Karen*

Usitoe pesa bado. Ndani ya bomba la elementi, waya unaotoa joto umezungushiwa unga wa magnesia. Unga huo ukiwa mkavu huzuia umeme vizuri sana, lakini hunyonya unyevu wa hewani kupitia ncha za elementi. Hita ikikaa miezi ya mvua bila kupata moto, unyevu hutosha kuvujisha umeme kidogo kwenda kwenye ethi, yaani waya wa ardhini. ELCB za majumbani kwa kawaida huruka uvujaji ukifika miliampia 30, kwa hiyo yako imefanya kazi yake tu. Elementi iliyokatika waya ndani haina tabia hiyo: inakaa baridi huku zingine zikiwaka.

Mwambie fundi azime swichi kuu, atoe nyaya kwenye elementi, kisha apime kila moja dhidi ya ethi kwa mega, kifaa kinachoonyesha uwezo wa kuzuia umeme usivuje. Zote tatu zikisoma chini kwa viwango vinavyokaribiana, huo ni unyevu. Moja ikisoma sifuri na mbili ziko sawa, basi nunua hiyo moja, si tatu. Unyevu hukaushwa na joto la hita yenyewe, mara nyingi kwa kuwashwa mara moja au mbili. Lakini ELCB huikata kabla haijakauka, ndiyo maana watengenezaji wengi hutaka hita iwe na laini yake moja kwa moja kutoka kwenye bodi, isiyopitia ELCB. Kazi hiyo mpe fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati. Akipendekeza kukata ethi "ili isiruke", mfungulie geti aende zake. Hita isiyo na ethi ikivuja, bati lake lote hushika umeme, nawe umekaa pembeni umelowa jasho.

Lakini hakikisha kwanza ni ELCB iliyoruka. Ikiwa ni breka ya hita, tena baada ya robo saa au zaidi, basi tatizo ni mzigo. Kilowati 6 kwa volti 240 ni ampia 25. Breka ya 20 haivumilii, na waya wa 2.5 wa soketi utachemka ukutani. Inatakiwa breka ya 32 na waya wa milimita 6 za mraba. Fundi akaze pia skrubu za breka, maana iliyolegea hutoa joto na kuirusha hata mzigo ukiwa halali. Kipande cha mwisho kinachoingia kwenye hita kiwe kebo ya mpira ya kuhimili joto. PVC ya kawaida hukakamaa na kupasuka.

Mvua zijazo, iwashe nusu saa kila baada ya wiki mbili, izime, kisha fungua mlango na matundu ya hewa chumba kikauke.

Mawe yaliyokuja na hita yamevunjikavunjika. Naweza kujazia kokoto za ujenzi, au vipande vya mawe ya Ndarugo?
*Msomaji, Ruiru*

Hapana kwa yote mawili. Jiwe la Ndarugo lina vitundu. Hunyonya maji, kisha hupasuka au kumomonyoka likipata moto. Kokoto nazo ni ndogo mno: huziba njia ya hewa, joto hubaki kwenye elementi, na swichi ya usalama huzima hita wakati chumba bado ni baridi. Watu wengi hulaumu kipimajoto (thermostat) hapo, wakati kosa ni upangaji. Mawe ya mtoni pia yaache, kwani yenye maji ndani yanaweza kuruka vipande.

Nunua mawe ya sauna, peridotiti au diabasi, yenye kipenyo cha sentimita 5 hadi 10. Yaoshe vumbi. Makubwa yakae chini, madogo juu, yakiwa yamelegea kiasi cha hewa kupita, na yasizisukume elementi zikapinda. Elementi zisionekane, lakini usirundike kilima juu yake. Yatoe yote na kuyapanga upya angalau mara moja kwa mwaka. Na kamwe usiwashe hita bila mawe, hata kwa kujaribu: ni njia ya uhakika ya kuanzisha moto.

Sauna itanimalizia tokeni?
*Msomaji, Kileleshwa*

Kupasha chumba kwa saa nzima kwa hita ya kilowati 6 ni yuniti 6. Kipimajoto kikianza kuzima na kuwasha, saa ya pili hula kama nusu ya hapo, jumla 9 hivi. Kanuni ni kilowati moja kwa kila mita ya ujazo, na kila mita ya mraba ya kioo au ukuta wa mawe usio na kihami uihesabu kama mita ya ujazo 1.2 zaidi. Mlango wa kioo una gharama yake! Jioni stima ikishuka hadi volti 200, hita ya volti 230 hutoa robo tatu tu ya nguvu zake, hivyo ukiona inachelewa kupata moto, pima volti kabla ya kuita fundi.

Naweza kumwaga mafuta ya mkaratusi juu ya mawe?
*Msomaji, Lang'ata*

Yakiwa matupu, hapana, yanashika moto. Tia matone mawili matatu kwenye kata ya maji safi, isiyozidi desilita 2 kwa mara moja. Maji ya kisima yenye chumvi yaache kabisa, hula elementi.