Mama Safari Anajibu: Wastaafu na Miji Iliyofurika Watalii

Mama Safari, salaam. Mimi na mume wangu tumestaafu na tumeweka akiba ya safari moja kubwa. Tatizo hatukubaliani. Yeye ameshika tangazo la ziara ya basi: Roma, Firenze, Venice, Paris na Amsterdam, zote ndani ya siku 10 za Agosti. Mimi msongamano unanitisha. Safari yetu iliyopita nilichoona zaidi ni visogo vya watu na simu zilizoinuliwa juu, na magoti yakavimba kwa kusimama foleni. Nimependekeza twende ziwani mahali patulivu. Anasema hakufanya kazi maisha yake yote ili aende kutazama ziwa lisilo na jina. Nani yuko sahihi?
*Mke wa Mstaafu*

Dada yangu, mume wako ana haki ya kuiona Venice, na wewe una haki ya kuiona bila kusukumwa. Kinachowagombanisha ni lile tangazo. Ningekuwa karibu yenu ningewaomba mlitupe leo hii. Kabla sijastaafu niliongoza vikundi vya watu wa rika letu kwa miaka mingi, na ratiba ya miji mitano kwa siku kumi najua inavyokwenda: mizigo nje ya mlango alfajiri, nusu ya siku barabarani, mnashushwa kwenye kivutio saa 5 asubuhi wakati mabasi mengine yote nayo yanashusha, dakika chache za kupiga picha, halafu kuhesabiwa kama wanafunzi. Watu wanarudi hawakumbuki kanisa lipi lilikuwa mji gani.

Julai na Agosti kunafurika kwa sababu wenye watoto wamefungwa na kalenda ya shule, na waajiriwa wamefungwa na likizo. Ninyi hakuna aliyewafunga. Inaniuma kumwona mstaafu akilipia Agosti, mwezi wa bei ya juu na jua kali, kana kwamba bado anaomba ruhusa kwa bosi. Nendeni mwishoni mwa Septemba au Oktoba. Na mpunguze miji. Miwili inatosha: Venice na Paris.

Venice laleni ndani ya mji wenyewe, kwenye visiwa. Hoteli za Mestre, ng'ambo ya daraja, ni nafuu, lakini anayelala kule huingia na kutoka pamoja na umati. Sehemu kubwa ya umati wa Venice ni wageni wa kutwa: wanashuka kwenye treni na mabasi asubuhi, jioni wamekwisha ondoka. Ndio hao ambao tangu Aprili 2024 jiji limeanza kuwatoza kiingilio kwa siku maalumu kati ya Aprili na Julai, kuanzia saa 2:30 asubuhi hadi saa 10 jioni. Kilianza kwa euro 5, na mwaka 2025 kikafika euro 10 kwa aliyechelewa kulipa. Anayelala mjini halipi, ila katika siku hizo anatakiwa ajiandikishe mtandaoni kwamba amesamehewa. Ukizitazama saa hizo za kiingilio unaona kabisa mji unalemewa wakati gani. Wakati huo ninyi mtakuwa mmerudi chumbani, mmelala.

Mtoke saa 1 asubuhi. Mtakuta mashua za mizigo zimefungwa kwenye mifereji na wachukuzi wakipandisha mikokoteni madarajani. Mkokoteni wa Venice una magurudumu madogo ya ziada kwa mbele: mchukuzi anayatanguliza juu ya ngazi, yanashika, kisha anauvuta mwili wa mkokoteni, ngazi moja baada ya nyingine, huku akipaza sauti watu wampishe. Huo ni mji ulio kazini, na mgeni wa kutwa hauoni. Uwanja wa San Marco saa hiyo mtauvuka bila kumgusa mtu bega.

Sasa magoti. Madaraja ya Venice yanazidi 400 na karibu yote ni ngazi tupu, kwa hiyo kata tiketi ya siku kadhaa ya vaporetto, mabasi ya majini, na uyatumie bila kuyaonea huruma. Panda moja uvuke hadi kisiwa cha San Giorgio Maggiore, mkabala na San Marco. Mnara wa kanisa lake una lifti, foleni yake kwa kawaida ni fupi mno kuliko ya mnara maarufu wa ng'ambo, na ukiwa juu unaiona Venice yote pamoja na huo mnara wenyewe.

Kwenye kisiwa hichohicho, ukumbi wa kulia chakula wa watawa ulikuwa na mchoro wa Harusi ya Kana, kazi ya mchoraji Veronese. Askari wa Napoleon waliuchukua mwaka 1797. Leo ukutani pale ipo nakala, iliyowekwa 2007, na mchoro wenyewe uko jumba la makumbusho la Louvre, Paris, chumba kimoja na Mona Lisa. Mwonyeshe mumeo nakala hiyo kwanza, kisha mkifika Paris aingie chumba kile. Mona Lisa ina kimo cha sentimita 77. Harusi ya Kana inakaribia mita 7 kwa 10. Na watu wote humo ndani wameipa mgongo, wanasukumana kuelekea kioo cha Mona Lisa. Yeye ajipange na foleni yake, aione, ni haki yake. Wewe geuka nyuma. Utaitazama kazi kubwa kuliko zote mle ndani kwa nafasi, wala hakuna atakayekuharakisha.

Louvre hufungwa Jumanne, na Jumatano na Ijumaa huwa wazi hadi saa 3 usiku. Chukueni tiketi ya jioni. Vikundi vya mabasi muda huo viko mezani vinakula.

Na ziwa lako usiliache. Baina ya Como na Garda, maziwa ambayo kila mtu anayajua, liko Ziwa Iseo, karibu na Brescia, jirani kabisa na njia ya treni ya Venice na Milano. Katikati yake kuna kisiwa cha Monte Isola ambako magari ya wageni hayaruhusiwi. Anzeni Venice, pumzikeni Iseo, malizieni Paris. Ziwa lina jina, mumeo hana la kusema.

Mama Safari, rafiki zangu wananiambia mtu wa umri wangu bora apande meli ya kitalii, kwa kuwa sanduku unalifungua mara moja tu. Ni kweli?
*Mstaafu wa Reli*

Kaka, kuhusu sanduku ni kweli, na daktari yumo melini, jambo ambalo silidharau. Lakini meli ndiyo inayoleta msongamano unaoukimbia. Inashusha maelfu ya watu kwa saa moja, mji mdogo unaelemewa. Ndiyo maana mji wa Dubrovnik, Croatia, waliafikiana na kampuni za meli zisizidi mbili kwa wakati mmoja, kisiwa cha Santorini, Ugiriki, wakaweka kikomo cha abiria 8,000 kwa siku, na meli kubwa zikazuiwa kupita mbele ya San Marco tangu Agosti 2021.

Ukiamua kwenda, uliza mambo mawili kabla ya kulipa: meli inakaa bandarini hadi saa ngapi, na siku hiyo kuna meli nyingine ngapi. Bandari nyingi hutangaza ratiba zao mapema. Inayolala bandarini ni bora mara nyingi kuliko inayoondoka saa 11 jioni. Na mahali ambapo meli zimejazana, baki melini. Wenzako wote wameshuka, sitaha ni yako.

Mimi binafsi ningekushauri meli ndogo za mtoni, za Danube kwa mfano. Abiria si wengi, na mara nyingi inatia nanga karibu na katikati ya mji, unashuka na kutembea.

Shikamoo Mama. Baba yangu ana miaka 74 na ana presha, ila iko sawa kwa dawa. Ndoto yake ni kuona magofu ya Machu Picchu, kule Peru. Ndugu zangu wanataka tumkataze kwa sababu ya mwinuko na watu wengi.
*Binti wa Mwisho*

Marahaba mwanangu. Msimkataze kabla daktari wake hajasema. Machu Picchu yenyewe iko mita 2,430 hivi juu ya bahari. Panapowaangusha wazee ni Cusco, ambako ndege inatua: huko ni mita kama 3,400. Basi asilale Cusco siku ya kwanza. Ateremke moja kwa moja hadi Bonde Takatifu, apumzike siku kadhaa, kisha apande treni hadi Aguas Calientes, kijiji kilicho chini ya magofu, alale hapo.

Juni hadi Agosti ndio wakati wa umati, kwa hiyo Mei mwanzoni au Oktoba kunamfaa zaidi. Tiketi ina saa yake na njia yake maalumu, na huisha mapema. Mchukulieni njia ya chini, isiyo na ngazi nyingi. Jambo moja ambalo matangazo hayalisemi: ndani ya magofu hakuna choo. Kama dawa yake ya presha inaongeza mkojo, amuulize daktari kama anaweza kuimeza baada ya matembezi siku hiyo, na apitie choo cha nje ya lango kabla ya kuingia. Langoni wanakagua pasipoti yenyewe na kuilinganisha na tiketi, asiiache hotelini.