Desimali tatu za faili la protini zisikudanganye

Hapa Mtwara napokea vijana wa sayansi wanaotaka kuona kwa macho jinsi dawa ya malaria inavyoshika protini ya kimelea. Wengi huanza na DHFR, kimeng'enya kinachozuiwa na pirimethamini iliyomo kwenye SP wanayopewa wajawazito kliniki. Wanafungua faili la muundo wa protini, lenye mahali pa kila atomu, wanapima umbali kati ya atomu mbili kwa angstromu (sehemu moja ya bilioni kumi ya mita), kisha wananiita: "Mwalimu, nimepata 2.873!"

Ushauri wangu wa kwanza: andika 2.9.

Desimali tatu zimo kwa sababu ndivyo faili za Benki ya Data za Protini, iliyoanza 1971, zinavyopangwa. Eksirei zilizotumika kuupata muundo hazikupima kwa usahihi huo. Mizani ya ghala la korosho ikiyumba nusu kilo, karani hawezi kuandika gramu. Kwenye muundo wa resolusheni (kiwango cha undani ambao data ya eksirei inaonyesha) ya angstromu 2, hata atomu iliyotulia huweza kukosewa kwa takriban angstromu 0.2. Na kumbuka, resolusheni ikiwa namba ndogo ndiyo bora.

Halafu tazama thamani ya B, namba ya kwenye faili inayoonyesha mtikisiko, ya kila atomu unayoipima. Hapa ndipo ninapowakazania sana, maana programu huchora atomu zote kwa unene uleule. B ya 20 ina maana atomu inatikisika takriban nusu angstromu. B ya 80, angstromu nzima. Vitanzi vya nje ya protini mara nyingi ndivyo vyenye B kubwa, na kupima bondi ya haidrojeni huko ni kupima kivuli.

Kuna kipimo rahisi ninachokipenda kuliko vyote. Faili likiwa na nakala mbili za protini ileile, pima umbali uleule kwenye zote mbili. Ukipata 2.7 huku na 3.1 kule, hiyo tofauti inakueleza mengi kuliko desimali zote za kwenye skrini.

R huru nayo iangalie, yaani kipimo cha jinsi muundo unavyotofautiana na data iliyowekwa kando bila kutumiwa kuujenga; ikiwa juu sana kwa resolusheni hiyo, tafuta muundo mwingine.

Kwenye DHFR ya kimelea, asidi amino ya serini katika nafasi ya 108 ikigeuka asparajini, pirimethamini hupoteza nguvu. Hilo ni kweli na ni zito. Ila ukilinganisha miundo miwili ukaona dawa imesogea angstromu 0.1, usiandike kwamba imesukumwa. Andika resolusheni, andika B, na useme tofauti hiyo imo ndani ya kosa la kipimo.